Kurasa Mbili za Julai Ishirini na Nane

Vitabu viwili vilikuwa wazi mbele yangu, kimoja kipya, kingine karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Nilikuwa sijamaliza raundi ya nne nilipogundua kwamba naandika mchezo wa besiboli niliokwisha kuuandika.

Nikafuta jasho la kiganja kwenye sketi, nikahesabu upya. Raundi ya kwanza: K, K, mpira wa kutambaa. Ya pili: mpira wa juu ukadakwa, K, K. Ya tatu: wa kutambaa, K, mtu akafika kituo cha kwanza, K. Katika vitabu vyetu K ni mpigaji aliyepunga gongo mara tatu akaambulia hewa. Nilisoma kitabu cha zamani kwa kidole cha kushoto na kipya kwa kidole cha kulia, na vidole vyangu vikashuka pamoja mpaka chini bila kuachana.

"Vipi, Lena?" Vernon Pflueger akaniuliza. Ndiye mtangazaji wetu, hukaa kiti cha pili katika kibanda changu cha kuandikia, kipaza sauti mapajani. "Umekuwa mweupe kama chaki."

"Joto," nikasema.

Lilikuwepo joto kweli. Ilikuwa Jumapili ya Julai baada ya misa, moshi wa soseji ukipanda hadi kibandani kwetu, upande wa kituo cha kwanza, na mahindi yamesimama kimya ng'ambo ya uzio bila jani kutikisika. Lakini mimi nilikuwa nasikia baridi.

Sisi watu wa Sankt Orban tuna besiboli na tuna kanisa, na sijui kipi tunakigombania zaidi. Vitabu vya mechi zetu vyote viko kwangu, tangu baba yangu alipoanza kuandika mwaka 1931. Kila Jumapili wazee wa benchi la kwanza hubishana wa zamani na wa sasa nani wakali, na wakishaishiwa matusi hupanda ngazi kuja kwangu ili kitabu kiamue. Kitabu kimoja tu hawakuwahi kukiona. Niliwaambia mafuriko ya mwaka tisini na saba yalikichukua. Uongo mtupu. Kilikuwa kabatini chini ya masweta yangu, na masweta hayo sikuyavaa.

Aliyenifanya nikitoe ni Coby Ruegemer. Ana miaka kumi na tisa, masikio makubwa, bado anakamua ng'ombe na baba yake asubuhi, na anarusha mpira kwa kasi ambayo uwanja wetu haujawahi kuipima. Alikuja jikoni kwangu siku ya Alhamisi, akala vipande vitatu vya keki ya rubabu, mabua machachu ya bustani, kabla ya kusema kilichomleta.

"Bi Lena, wazee wanasema mimi si lolote mbele ya kaka yako."

"Wazee hao watakuambia hata ng'ombe wa zamani walikuwa na miguu sita."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Vernon anasema sisi wa leo ni watoto wa mashine. Tunahesabiwa mipira, tunapigwa picha mkono, tukichoka kidogo tunapakwa barafu. Anasema Alois Terwey angerusha raundi tisa, kesho yake akavune."

"Ni kweli, angevuna."

"Jumapili wanakuja watu wa timu kubwa kuniangalia. Huenda nisirudi tena hapa. Nataka kujua tu, Bi Lena. Weka kitabu chake kando ya changu, unihesabu sawasawa. Kama ni bora kuliko mimi, niambie, sitalia."

Ningeweza kumwambia habari ya mafuriko. Lakini nilikuwa na miaka sabini na miwili, na uongo ule ulikuwa umeanza kunichosha kuubeba. Nikamwambia nitaleta.

Nilikuwa na miaka kumi na sita Julai ya 1968, kiangazi changu cha kwanza kushika penseli, kwa sababu mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Alinifundisha kila kitu kwa wiki mbili, na la mwisho alilirudia kila siku mezani. "Ukiona mpigaji ameingia kabla ya zamu yake, unaandika, unanyamaza. Ni sheria. Kuona ni kazi ya timu. Wewe ni penseli, Lena, na penseli haina mdomo."

Alois, kaka yangu, alikuwa kichuguuni Jumapili ya tarehe ishirini na nane, pale katikati anaposimama mrushaji, na wapinzani wetu, timu ya Lindau, walikuwa hawamwezi kabisa. Alikuwa na mtindo wake: akishaachia mpira mwili mzima ulimfuata, akamaliza kwa mguu mmoja, mkono wa glavu umening'inia nyuma, kifua na uso wazi. Watu walikuja kutoka vijiji vitatu kuona tu jinsi alivyokuwa akianguka.

Raundi ya saba, wawili wao wakiwa wameshatoka, Lindau wakamleta mtu ambaye zamu haikuwa yake. Dume la mtu, mkono wa kushoto. Kocha wao alikuwa amechanganya majina. Hakuna aliyeona ila mimi. Neno likanifika kwenye meno. Nikaweka nukta ndogo pembeni mwa ukurasa, kama nilivyofundishwa, nikafunga mdomo.

Mpira mbaya. Mpira mzuri. Mpira mbaya. Kwa wa nne Alois aliinua mguu, na mkono ukiwa tayari unaachia, akageuza uso akanitazama kibandani. Midomo yake ikatamka, "Nini, Lena?" Niliisoma waziwazi kama ninavyosoma saa. Mpira ulirudi kutoka kwenye gongo ukamkuta nyuma ya sikio. Akafariki Jumanne bila kufumbua macho.

Hakuna aliyekuwa amemwita. Nilimuuliza kila mtu aliyekuwapo. Ni Vernon tu, aliyekuwa mdakaji wake, akichuchumaa nyuma ya mpigaji, aliyeapa kwamba kabla ya mpira ule alisikia ngurumo kutoka upande wa kibanda, na mbingu haikuwa na wingu. Walimcheka, wakasema alikuwa na bia tumboni. Mimi nilijipa jibu langu mwenyewe. Alois alijua kwamba nimeona. Alikuwa ananingoja niseme, nami nilinyamaza. Nimeishi na jibu hilo miaka hamsini na sita, nikila nalo, nikisali nalo, na kwa sababu yake sikukubali mtu yeyote aione ile nukta.

Sasa raundi ya tano ikapita. K, wa kutambaa, K. Ya sita ikapita. Nilijaribu kutotazama kushoto. Nilifunika ukurasa wa zamani kwa mkoba wangu, nikaandika kipya peke yake, halafu nikauinua mkoba, na ilikuwa ileile. Chini, nyuma ya wavu wa mdakaji, wageni wa timu kubwa walikuwa wameacha kuongea na kila mpira walitazama vipimo vyao vya kasi, wakatazamana.

"Huyu mtoto anajua, sikatai," Vernon akaniambia, akiwa ameziba kipaza sauti kwa kiganja. "Lakini mtazame anavyomaliza. Miguu miwili chini, glavu mbele ya uso, kama mtu anayeogopa nyuki. Alois hakuwahi kujificha."

"Nyamaza, Vernon."

"Nasema tu."

"Nimesema nyamaza!"

Alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu ikipanda hivyo. Akageukia uwanja.

Raundi ya saba. Wa kwanza akatoka kwa K. Wa pili, mpira wa juu ukadakwa. Penseli ilikuwa inateleza vidoleni. Nikatazama orodha ya wageni, nikamtazama mtu anayetoka benchini akizungusha gongo mabegani, nikaitazama orodha tena. Haikuwa zamu yake. Alikuwa jitu, na alisimama upande wa mkono wa kushoto.

Mkono wangu wenyewe ukaweka nukta pembeni. Sikuuamuru.

Mpira mbaya.

Nikajiambia ninyanyuke, nimwite refa, niseme zamu si yake, basi. Maneno matatu. Refa angesimamisha mchezo, angeletwa mwenye zamu, na jitu lile lingerudi kukaa. Watanilaumu, watanivua uandishi, na iwe.

Mpira mzuri.

Sikunyanyuka. Miaka yote ile nilikuwa nimeapa kwamba ningeipata nafasi ile tena ningepiga kelele mpaka koo lipasuke, na sasa nilikuwa nayo, na niliogopa. Nilimsikia baba mezani. Nilijiona mwendawazimu mzee. Coby alitema ganda la alizeti, akapangusa kidole kwenye suruali, akainama kumtazama mdakaji wake, na shingo yake ilikuwa nyembamba mno.

Mpira mbaya.

Akainua mguu. Nikakinyakua kipaza sauti mapajani mwa Vernon, nikafungua mdomo nimwite refa, na lililotoka lilikuwa jina moja.

"Alois!"

Spika zilikuwa kwenye nguzo nne. Sauti yangu ikazunguka uwanja mzima, ikagonga mahindi, ikarudi nzito isiyo na maneno tena, ikanguruma juu ya vichwa vyetu. Na nilijua papo hapo nimefanya nini. Sikuita wakati ametulia. Niliita mkono wake ukiwa unaachia mpira.

Coby hakugeuka. Alitua kwa miguu miwili, glavu mbele ya uso. Gongo likalia, na kabla sijapepesa macho mpira ulikuwa ndani ya glavu ile, mbele ya pua yake. Akaangalia ndani kama mtu aliyekuta yai. Kisha akaudondosha kichuguuni, akaondoka kwa hatua za kawaida kwenda benchini, na watu wakaanza kupiga makelele.

Refa alikuja mpaka chini ya kibanda. "Bibi, ukipiga ukelele tena kwenye kitu hicho nakutoa uwanjani, mzee au si mzee."

"Hutasikia tena," nikamwambia.

Vernon hakuwa anamwangalia refa. Alikuwa anaangalia mahindi. Mikono yake, ile mikono ya mdakaji yenye vidole vilivyovunjika na kupona vibaya, ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Ndiyo ile," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ngurumo, Lena. Ndivyo ilivyolia. Hasa hasa hivyo." Akanigeukia. "Na siku ile hatukuwa na spika."

Niliutazama ukurasa wa zamani, nukta niliyoiweka pembeni nikiwa na miaka kumi na sita, na nikamwona kaka yangu akinigeuzia uso, si kwa kuningoja niseme, bali kwa kuwa nilishasema. "Nini, Lena?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ameitwa na dada yake, akaitika. Nililia pale pale mezani, na Vernon, mtu ambaye hajui kumbembeleza hata mbwa, akaniwekea kofia yake kichwani ili watu wa chini wasione.

Tulikuwa na raundi mbili zaidi za kuandika, nikaziandika. Kuanzia ya nane ukurasa wa zamani hauna jina la Alois tena. Coby akaendelea peke yake, K, K, wa juu, na kila alama niliyoiandika ilikuwa mpya, na kila moja iliniuma.

Mchezo ulipokwisha alipanda ngazi mbilimbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Chini wageni walikuwa wanamngoja, mmoja ameshatoa kalamu.

"Bi Lena, nani kapiga ukelele vile? Karibu nipasuke moyo."

"Mimi."

"Ulikuwa unamwita nani? Nilisikia jina, lakini halikuwa langu, nikaona nigeuke ya nini." Akacheka, akavuta sikio lake kubwa. "Ungeniita mimi ningegeuka, haki ya Mungu. Na ule mpira ungeondoka na kichwa."

Vernon akatoka nje, akasema anakwenda kununua soseji. Hakurudi.

Coby akaviona vitabu viwili, akaviinamia. Alifuata safu kwa kidole chake chenye udongo, cha kushoto, cha kulia, akachelewa, akarudi juu, akaanza tena. Nilimwona anaacha kutabasamu. Alipofika raundi ya saba alisimama kwenye nukta, mbili, moja kila ukurasa, lakini hakujua maana yake, nami sikumwambia. Alikuwa na safari mbele yake.

"Kwa hiyo?" akaniuliza, sauti imeshuka. "Nani mkali?"

"Mko sawa, K kwa K."

"Hakuna tofauti kabisa?"

Nikafunga cha zamani kwanza, halafu chake.

"Moja tu," nikasema. "Yeye nikimwita, anageuka."