Siku Niliyosutwa na Swali la Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota nasutwa.

Nieleze kwanza, maana si kila mtu kakulia Ngamiani. Kwetu Tanga ukimsema mtu pembeni, hakuletei polisi. Anakusanya shoga zake, wanashona sare, wanakodi tarumbeta, wanakuja kusimama mlangoni kwako mchana kweupe na kukuuliza mbele ya mtaa mzima: ulisema, hukusema? Na wewe huruhusiwi kufunga mlango. Ukifunga, umekiri.

Basi nimelala zangu, nasikia tarumbeta uani. Mimi na shughuli za watu, jamani, siwezi kujizuia. Sikuuliza nani anasutwa. Nikatoka mbio, nikajichomeka katikati ya wanawake, nikapiga vigelegele, nikacheza mpaka jasho likanitoka. Somoe, mpangaji wa chumba cha pili, akanivuta mkono.

"Mwantumu, shoga yangu, punguza."

"Nipunguze nini na mambo ndiyo kwanza yanakolea! Leo wanamsuta nani?"

"Wewe."

Nikasimamisha kiuno. Wote wamenigeukia. Mbele yao limesimama Swali la Nne.

Nililijua papo hapo. Ni lile la mtihani wa kuingia shule ya sheria, mtihani nilioufanya mwezi wa tatu nikafeli. Ni fupi, nene, limejitanda kanga mpya, na limefuatana na vipengele vyake vitatu. Kipengele (a) amebeba kiti, (b) amebeba mwavuli, (c) bado ananyonya.

"Mwantumu binti Kombo," linasema. "Ulisema mimi nimetungwa na mtu mwenye roho mbaya. Ulisema nimetoka nje ya mtaala. Ukalisema hilo saluni, ukalisema msibani kwa mzee Shekue, ukalisema mpaka kwa muuza mihogo. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

Vigelegele. Tarumbeta likalia lenyewe bila mtu kulipuliza.

"Na ulinisoma?"

Hapo nikatazama miguu yangu.

"Nilikusoma wakati karatasi zinakusanywa."

"Muda wote ule ulikuwa unafanya nini?"

Sijajibu, Swali la Kwanza likaletwa juu ya mkokoteni. Limevimba, vifungo havifungi, linahema.

"Alikuwa ananilisha mimi," linasema. "Niliuliza jambo dogo tu. Bwana A kamuuzia Bwana B ng'ombe, ng'ombe kafa njiani, hasara ni ya nani? Kaniandikia kitabu! Kasema A na B hawaelewani tangu harusi ya dada yake B. Kasema mke wa A ndiye aliyemtia ng'ombe kijicho. Mimi sina mke wa A! Ndani yangu hamna mke!"

"Lakini ng'ombe hafi hivi hivi," nasema.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni. "Niliumwa tu, mama," akasema, akaendelea kucheua.

Hapo Dirisha likakohoa.

Mjue kwamba shule ilitangaza dirisha la kujisajili kurudia mtihani linafungwa leo jioni, na hata nilipokwenda kulala nilikuwa sijaamua. Nyumba nzima ilikuwa imenigawana: huyu rudia, yule achana nao. Sasa Dirisha lenyewe limesimama uani kwetu, la mbao, rangi ya kijani, linajifunga polepole kama jicho la mtu mwenye usingizi.

"Mimi nafunga," linasema. "Mwenye neno la kumzuia Mwantumu asirudie, aseme sasa."

Somoe hajawahi kupitwa na nafasi ya namna hiyo. "Mie nimesikia wanaorudia hawapiti. Nimesikia majina yao yanawekwa pembeni kabla hata..."

Hajamaliza, sikio lake la kushoto likadondoka. Akaliokota, akalipuliza vumbi, akalifundika kwenye pindo la kanga yake.

"La kusikia halipokelewi," linasema Dirisha. "Mwingine."

Baba Nuru, fundi redio wa chumba cha mbele, akajitokeza. "Wanasema mwanamke akishajua sheria, haoleki."

Sikio lake likaangukia ndani ya sufuria ya Somoe.

"Samahani, jirani."

"Hamna neno. Nitakutolea likiiva."

Akaja shangazi yangu, Bi Mgeni, ambaye katoka Pangani makusudi. "Mimi namwonea uchungu mtoto wa kaka yangu. Watu watasema kazeeka, anagombea dawati na vitoto."

"Umewasikia?"

"Bado, mwanangu. Lakini watasema."

Dirisha likafikiri kidogo. "Hao hata kusema hawajasema."

Yakamtoka masikio yote mawili, pamoja na hereni.

Mimi mwenyewe nikafungua mdomo. "Na mimi nasikia sina akili ya darasani, tangu..." Nikahisi sikio linalegea. Nikalishika kwa viganja viwili.

"Yupo aliyeona kitu kwa macho yake?" Dirisha linauliza.

Nilitegemea angalau mtu mmoja. Watu wote wale, wiki nzima wananiongelea, hakuna aliyeona chochote.

Kisha (c) akaachia ziwa.

"Mimi niliona," akasema. Sauti yake nzito, ya mtu mzima. "Mimi nauliza mpangaji akitolewa nyumbani bila notisi, ana haki gani. Siku ile alinifikia mwisho kabisa. Midomo yake ikawa inanijibu. Ilikuwa inanijibu sawasawa, na msimamizi anavuta karatasi. Aliing'ang'ania mpaka ikakunjika. Mpaka leo nina mkunjo."

Akageuka akatuonyesha kisogo. Kweli ana mkunjo.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Nikitazama, uani si uani tena. Ni ukumbi wa mtihani, na kila mtu kakalia mbuzi ya kukunia nazi. Ng'ombe ndiye msimamizi, anapita katikati ya mistari, anawaambia watu wasitazame kwa jirani. Dirisha lipo ukutani, limebakiza upenyo mwembamba.

"Mwantumu," linasema, "unataka kurudia kwa sababu gani? Taja ulichokiona. Ukitaja la watu, nafunga."

Wenzangu, mimi ni mtu wa maneno. Nikikaa barazani, mpita njia anasahau alikokuwa anakwenda. Lakini nilipoyatoa ya watu yote, nikajikuta nimebaki na moja tu.

"Niliona vyombo vya Bi Hadiya, mpangaji wa nyumba ya jirani, vikitupwa nje," nikasema. "Mvua inanyesha. Yeye mjane, na wajukuu wake wamekaa juu ya godoro lililolowa. Waliokuja kumtoa wana karatasi mkononi. Mtaa mzima tulijaa pale, tukasema mpaka koo zikakauka: nani kauza nyumba, nani kala njama, nani kaenda kwa mganga. Mimi nilisema kuliko wote. Bi Hadiya akaniangalia, akaniuliza, 'Mwantumu, mwanangu, wewe unayejua kila jambo, hivi hawa watu wana haki?'"

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwa na la kumjibu. Alihamia Muheza kwa mdogo wake. Mimi nikaenda kutafuta vitabu."

Swali la Nne likajifuta macho kwa ncha ya kanga. Swali la Kwanza likataka kujua huyo mdogo wake kaolewa na nani, wenzake wakalinyamazisha.

"Hilo napokea," linasema Dirisha. "Pita."

Nikapenyeza kichwa, nikapenyeza mabega, nikakwama kiunoni. Ng'ombe akaja nyuma akanisukuma kwa paji la uso, akanitakia kila la heri. Dirisha likajifunga kwa kishindo.

Nikafumbua macho. Niko kitandani kwangu, jua limeshawaka, na huko nje Somoe anapiga kelele.

"We Mwantumu! Hili pindo la kanga yako linafanya nini huku uani?"

Nikainuka. Kanga niliyojifunika nusu iko kitandani, nusu imebanwa dirishani, na pindo lake lote limetokeza nje. Dirisha lile mwenye nyumba alilipigilia misumari mwaka ule wa wezi. Halijafunguliwa tena, hata upepo haulipiti.

"Nani kakwambia ni yangu?" nikamuuliza kutoka ndani.

"Hakuna aliyeniambia," Somoe akasema. "Naiona kwa macho yangu."

Nikaiacha kanga palepale ilipobanwa, nikavaa gauni, nikaenda kujisajili.