Kifundo cha Mkono wa Bwana Pell

Kila asubuhi kabla sijaenda shule nilimmiminia baba kahawa dakani, penye baraza ya mlango wetu, naye akinoa tezo lake la kuchongea mbao huku akiniuliza wanafunzi wangu ni wangapi. Nilimjibu kila siku, na kila siku alisema, "Mashallah, wasichana kumi na wanne wasomao!" Asubuhi ile hakuwahi kuuliza. Fimbo ndefu ya chuma ilikuwa imewekwa mbele ya miguu yake, kichwa chake cha mbao kimepasuka vipande viwili, na mwenye fimbo amesimama juani, kofia mkononi, akisema Kiingereza.

Alikuwa Bwana Pell, Mzungu mzee aliyehamia Lamu kutoka Bara Hindi. Alichimba mashimo sita katika uwanja mkavu nyuma ya mji, akawa anacheza gofu peke yake. Kiswahili hakukijua. Mimi Kiingereza nilikipata chuo cha ualimu, Unguja.

"Mwulize ataka nini," baba akasema.

Alitaka vichwa vipya vya fimbo, vya mbao za kwetu, kwani vya Ulaya vilipasuka kwa jua. Mwezi uliofuata angekwenda Mombasa kushindana na wenziwe wa zamani, na fimbo zikifaa, wao pia wangeagiza kwa baba. Nilimwona baba akikaa wima. Mwaka mzima hakuna aliyemwagiza sanduku wala mlango. Watu walinunua masanduku ya bati, na tezo alilinoa ili lisishike kutu tu.

Alichonga vichwa vitatu vya mbambakofi, akavisugua mpaka vikang'aa. Tukaenda uwanjani kuvijaribu: baba, mimi ndani ya buibui langu, na Badawi, fundi mwenziwe, ambaye alikuja kucheka.

Njiani Bwana Pell alinieleza habari za mkono wake wa kushoto. Alianguka kutoka juu ya farasi huko Hindi, kifundo kikavunjika, na daktari akamwambia hatacheza tena. Mkewe alimkanda mkono huo mwaka mzima. Mke amezikwa huko huko. "Lakini mkono ni mzima kabisa," akasema, akaukunja na kuukunjua mbele yangu kama mtoto anayeonyesha jino jipya.

Akapiga. Mpira ukapanda juu mno, ukapinda kulia, ukaingia katika miiba. Baba hakutazama mpira ulikokwenda. Alikuwa akitazama mikono.

"Mwambie fimbo haina makosa," akaniambia. "Ni kifundo chake cha kushoto. Fimbo ifikapo kwenye mpira, kifundo chakunjika nyuma, na uso wa fimbo wafunguka, wageukia kulia. Mgongo wa kiganja na mkono viwe mstari moya. Na ashike kwa vidole. Yeye ameikumbatia fimbo kama kuku wa kuazima."

"Bi Mwalimu, hilo la kuku usilisahau!" Badawi akapiga makofi.

Bwana Pell alikuwa akiningoja niseme, huku akikisugua kile kifundo kwa mkono wa pili. Nikautazama mkono ule uliokandwa mwaka mzima.

"Baba asema," nikaanza kwa Kiingereza, "baba asema atautazama tena uso wa fimbo."

"Nilijua," akajibu. "Umefunguka kidogo."

"Asemaje?" baba akauliza.

"Asema atajaribu kuunyosha mkono. Lakini aomba na uso wa fimbo ufungwe kidogo."

"Uso ni sawa," baba akasema, akakunja kipaji. Hata hivyo alizichukua fimbo nyumbani, akapunguza mbao kiasi cha ganda la kitunguu.

Jioni ile alinishikisha tezo. "Si kwa kiganja, kwa vidole. Sasa piga ubao. Waona? Mkono ukitangulia na kifundo kikasimama, chuma chafuata ndia yake. Kifundo kikilegea, chuma ndicho chatangulia, na hapo hujui kitakwenda wapi. Wanafunzi wangu wote walijikata miguu kwa kosa hili." Nilielewa kila kitu. Ningeweza kwenda kesho yake kumweleza Bwana Pell, tena kwa maneno mazuri. Sikwenda.

Wiki ya pili mpira ukaenda kulia vile vile.

"Bado wakunjika," baba akasema. "Hukumwambia?"

"Nilimwambia, baba. Asema ameunyosha."

"Ameunyosha?"

"Ndivyo asemavyo."

Bwana Pell akapiga tena. Safari hii baba aliinama mpaka goti likagusa mchanga, akikodolea kile kifundo. Kikakunjika. Hata mimi nilikiona. Baba akajifuta macho kwa upindo wa shuka, akatazama tena.

"Gharib, mato hayo yamezeeka!" Badawi akacheka. "Kesho utachonga mlango, tundu la ufunguo uliweke yuu darini!"

Baba akacheka naye. Lakini aliporudi nyumbani uso wa fimbo aliuchonga mara ya pili na ya tatu, kila mara akiupapasa kwa kidole gumba kama mtu asiyeamini anachokiona. Zile fimbo zilizotoka mikononi mwake zikiwa sawa, sasa zikawa zimepinda kweli.

Bwana Pell akaenda nazo Mombasa. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Mipira yote ilikwenda ovyo na wenziwe walimcheka. Angenunua fimbo za Ulaya, na angepanda meli kwenda kwao moja kwa moja, Lamu harudi tena. Mwisho aliandika kwamba babangu alijitahidi sana kwa mtu wa umri wake. Barua hiyo nilimsomea baba neno kwa neno, bila kulainisha lolote.

"Mwenye mkono ndiye ajuaye kama umenyoka," baba akasema. "Mimi niliona kisichokuwako."

Asubuhi yake alifunga tezo na patasi zake katika gunia, akampelekea Badawi. Alasiri Badawi akaja mlangoni kwetu, hana mzaha. "Bi Mwalimu, mwambie aje avitwae vitu vyake. Mimi nalikuwa nacheza naye tu." Baba alimsikia, akaitikia kutoka ndani kwamba alichotoa ametoa.

Juma lile lile Bi Khairiya, jirani yetu, alileta ubao wa mlango wa nyumba ya bintiye, wa kwanza kwa zaidi ya mwaka. Baba akachora mstari mmoja kwa kalamu ya risasi, kisha akaniita.

"Niangalizie. Umenyoka?"

Miaka arubaini amechonga, na sasa aniuliza mimi! Nikaweka rula yangu ya shule juu ya mstari. Haukuachana nayo hata unywele.

"Umenyoka, baba."

"Waniambia kwa huruma."

"La, wallahi, umenyoka."

"Wewe tangu utoto huwezi kumwambia mtu la kumuumiza." Hakusema kwa hasira. Aliuinua ubao, akanipa. "Mrudishie Bi Khairiya. Mwambie Gharib hachongi tena."

Nikauchukua. Nilifika mlangoni nikasimama. Bwana Pell alikuwa baharini, na nafasi ya kumwambia anyoshe mkono ilikuwa imepita. Nikarudi ndani. Baba ameketi, kiganja kimefunika macho. Nilijua huenda hili nalo atalihesabu kuwa huruma.

"Baba, sikumwambia. Siku ya kwanza ulisema kifundo, mimi nikamwambia fimbo. Hakusema ameunyosha, ni mimi niliyesema. Kilikuwa kikikunjika kila alipopiga, na wewe ulikiona. Nilimhurumia yeye, baba, na wewe nikakuvunja."