Mlango Uliokwenda Kukatiwa Tambi

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Tao Guoliang alichukua bisibisi, akafungua bawaba za mlango wa chumba cha binti yake, akaubeba mlango mgongoni mpaka chini kwa Bibi Hong, muuza tambi. Bibi Hong aliupangusa, akaulaza juu ya viti viwili, akaumwagia unga na kuanza kukatia tambi zake hapo. Ulikuwa mlango mzuri, mpana, usioyumba. Alimpa Guoliang mabakuli mawili ya tambi kwa kumshukuru, naye akapanda nazo ngazi akipiga mluzi.

Hakuna aliyeuliza kitu. Mtaa wetu uko nyuma ya shule ya sekondari, na karibu wapangaji wote ni wazazi waliohama kwao ili wakae jirani na watoto mpaka mtihani wa kuingia chuo kikuu upite. Hapa milango ya vyumba vya watoto huondolewa kama mapazia yanavyoondolewa kwenda kufuliwa. Mtoto akijifungia, mzazi atajuaje kama anasoma au analia? Na kulia kunakula muda.

Muqing, mwenye chumba, alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake alipokuwa anafungua bawaba, yeye alikuwa mezani anafanya hesabu, na hakugeuka.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye dawati. Kwa miaka miwili Muqing alikaa dawati moja na msichana anayeitwa Zhan Lixia. Mtu wa dawati lako ni nusu ya ndugu: unamjua anavyokohoa, unajua leo kaamkaje kabla hajasema neno. Lixia hakuwa hodari wa mitihani. Alikuwa hodari wa kucheka, na alimfundisha Muqing kucheka bila sauti, mabega tu, mwalimu akiwa amegeukia ubao. Mama yake Muqing, Peng Aiju, aliona maksi za Lixia kwenye kundi la simu la wazazi, akamwandikia Mwalimu Fei, mwalimu wa darasa, kumsihi amwokoe mwanawe na mzigo huo. Mwalimu Fei alikuwa na desturi ya kupanga viti kwa maksi kila baada ya mtihani wa mwezi, kwa hiyo haikumpa taabu. Lixia alipelekwa nyuma karibu na pipa la taka. Muqing aliwekwa mbele, pembeni ya kijana mwenye maksi nzuri ambaye alijenga ukuta wa vitabu katikati ya dawati na hakuwahi kuchungulia upande wa pili. Mama Muqing alimpelekea mwalimu kikapu cha machungwa. Nia yake ilikuwa njema. Mtaa wetu umejaa nia njema, hata pa kukanyaga hakuna.

Baada ya hapo Muqing alianza kula kidogo, akawa analala macho wazi, na maksi zikashuka badala ya kupanda. Jioni moja, wakiosha vijiti vya kulia, alimwambia mama yake, "Mama, nimechoka kuwapo."

"Umechoka? Basi leo lala mapema," mama alisema. "Kesho nitakuamsha saa kumi na moja badala ya kumi na nusu."

Muqing akaanza kufunga mlango wake, na baba yake akaenda kutafuta bisibisi.

Siku ya pili bila mlango, Mama Muqing alimkatia binti yake tufaha, akaongeza na njugu za jozi kwa ajili ya ubongo, akaelekea nazo chumbani. Alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akajikuta jikoni, mbele ya jiko, sahani mkononi. Alidhani kuna kitu amesahau. Alitazama huku na huku, akachukua vijiti vya kuchomea matunda, akarudi. Akavuka kizingiti, akatokea jikoni tena. Mara iliyofuata alikaa kwenye kigoda akala yale matufaha mwenyewe, maana yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Guoliang aliporudi kutoka kwenye ghala la mbolea alikofanya kazi, aliingia chumbani kwa hatua za mwenye nyumba. Alitokea jikoni kwa kasi ileile na upawa uliotundikwa ukamgonga kwenye paji la uso.

"Nyumba hii imejengwa ovyo," alisema, akampigia simu mwenye jengo.

Mwenye jengo alikuja na futi ya kupimia. Yeye naye alitokea jikoni. Alipima jiko, akasema mkataba hauzungumzii jambo hilo, na kwamba bomba likivuja ni juu ya mpangaji.

Muqing mwenyewe aliingia na kutoka bila shida. Alikwenda shule, alirudi, alikaa chini ya taa yake. Kwa kuwa mlango haukuwapo, wazazi wake walimwona vizuri kutoka sebuleni: mgongo, kalamu, mabega. Kumwona ndiko walikokutaka, na walikupata. Ila kumfikia hawakuweza tena.

Jumamosi moja hakuamka. Alikuwa amelala sakafuni kati ya kitanda na meza, koti la shule mwilini, uso ukutani. Mama yake alimwita kutoka kizingitini kwa jina la utotoni. "Qingqing! Wewe Qingqing!" Hakujibu. Mama akaingia, akatokea jikoni. Akarudi mbio, akaingia mbio, akatokea jikoni na kuunguza kiwiko kwenye sufuria ya supu. Aliendelea hivyo asubuhi nzima, na sisi majirani tuliposikia vifuniko vinaanguka tukapanda kusaidia. Kila mmoja wetu alijaribu. Ilipofika adhuhuri jikoni tulikuwa tumejaa hadi kwenye sinki, na yule mtoto bado yuko sakafuni peke yake, tunamwona wote.

"Asubiri tu," Guoliang alisema, amebanwa kati ya friji na mke wa fundi baiskeli. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu umemkunja mpaka amekatika, Baba Muqing," Bibi Hong alimjibu. "Mrudishie mtoto mlango wake."

"Mlango si unaukatia tambi wewe?"

"Nitakatia mgongoni kwako. Urudishe."

"Haurudi. Nikiurudisha, nimeshindwa na mtoto." Alijipangusa jasho. "Ana chakula, ana taa, ana viatu. Sisi tulikua kwa viazi vitamu vikavu, nani alikuwa na nafasi ya kuugua moyo? Siku hizi eti sonona, ugonjwa wa huzuni! Sonona imetoka wapi?"

Nusu yetu tulikuwa tumeshasema maneno hayohayo nyumbani kwetu.

Mama Muqing alivua aproni, akashuka ngazi, akaenda kumtafuta Lixia. Alimkuta anaanika nguo kwenye baraza ya nyumba ya bibi yake, anakoishi tangu wazazi wake walipokwenda kufanya kazi viwandani kusini.

"Lixia, mwanangu, umekula?"

"Nimekula, Shangazi. Karibu."

"Muqing hatoki chumbani. Na sisi hatuwezi kuingia."

Lixia alibana soksi kwenye kamba. "Si mimi ndiye mzigo, Shangazi?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Mwalimu Fei alitusomea ujumbe wako darasani. Alitaka tujue wazazi wanavyohangaika. Muqing alikuwa amekaa mbele kabisa."

Mama Muqing hakuwa na pa kuuweka uso wake. Katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtoto nisamehe, na hakujua neno hilo linaanzia upande gani wa mdomo. Aliinama, akachukua shuka mbichi kutoka kwenye beseni, akashika ncha moja. Lixia akashika ncha nyingine. Waliikamua, wakaianika, wakachukua inayofuata, mpaka beseni likaisha.

"Nilikosea," alisema ilipobaki foronya. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitoka.

"Ngoja nivae viatu," Lixia alisema.

Tulimpisha kwenye ngazi kama anavyopishwa mkunga. Alitukuta jikoni tunakula, kwa sababu Bibi Hong hawezi kuona watu wamekusanyika karibu na jiko asipike. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bibi Hong, mdomo umejaa. Lixia hakucheka. Alikwenda mpaka kizingitini, akasimama. Akagonga mwimo wa mlango kwa kifundo cha kidole, taratibu.

"Mu. Ni mimi. Niingie?"

Tukaacha kutafuna. Nakwambia, jikoni mle tulikuwamo watu wazima wa kila aina, waliosoma na wasiosoma, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kubisha hodi. Utabishaje hodi mahali pasipo mlango? Na ni nani anabisha hodi kwa mtoto?

"Una nini mkononi?" sauti iliuliza kutoka sakafuni. Ilikuwa imekauka.

"Sina kitu. Mikono mitupu."

"Ingia."

Lixia alivuka kizingiti, akawa ndani. Hakutokea jikoni. Alivua viatu, akalala sakafuni nyuma ya mwenzake, mgongo kwa mgongo, wala hakumgusa zaidi ya hapo. Mabega ya Muqing yakaanza kutikisika, na kutoka tulipokuwa haikuwezekana kujua kama ni kile kicheko chao au ni kilio.

"Geukeni!" Bibi Hong alitukemea. "Tazameni jiko!"

Tukageuka wote, Guoliang naye, tukaitazama sufuria mpaka supu ikapungua. Baadaye Lixia alisema kwa sauti, "Shangazi, anaomba tambi. Bila tangawizi."

Namshukuru yule binti mpaka leo. Si mtoto wangu, si ndugu yangu, na kwenye orodha ya darasa alikuwa wa kuhesabiwa kutoka chini. Lakini siku ile tuliondoka na mtoto mzima, na sipendi kufikiria tungeondoka na nini kama asingekuja.

Mama Muqing alijaza bakuli, akaenda nalo mpaka kizingitini. Tulisikia kifundo cha kidole chake kinagusa mwimo, kwa woga, kama anajaribu pasi kama imepata moto.

"Muqing. Niingie?"

"Subiri kidogo, Mama."

Alisubiri. Bakuli lilimchoma vidole, akalihamisha mkono huu na huu, akasubiri. Baadaye alituambia kwamba hajawahi kuambiwa neno tamu kama lile subiri, kwa sababu mtu hamwambii asubiri yule asiyetaka aje. Alisimama pale machozi yanamdondoka kwenye supu, anashukuru kimya kimya, hata hajui anamshukuru nani.

"Haya, ingia."

Aliingia. Alikaa sakafuni pamoja nao. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalimpotea, akasema, "Kula kabla hazijapoa." Muqing alikula. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kupelekwa kwa daktari wa mambo ya moyo na akili, yule wa hospitali ya mjini, na mama yake akasema Jumatatu, akaomba ruhusa shuleni bila kuuliza ni masomo gani yatapita.

Basi hivyo ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mwalimu Fei bado anapanga viti kwa maksi, na Lixia bado yuko karibu na pipa. Mlango bado uko kwa Bibi Hong, maana Guoliang alikataa katakata kuurudisha, na tambi zinazokatiwa juu yake zina urefu mzuri. Wiki iliyopita, familia ya ghorofa ya pili nayo iliazima bisibisi. Chumba tumekizoea. Msoma mita ya umeme huonywa mapema, akabisha hodi, akaingia, akatoka. Muqing humeza dawa zake, hulala, na siku nyingine hucheka kwa sauti kabisa. Jioni Lixia huja wakasoma pamoja, na Mama Muqing huwakatia matufaha, hugonga, husubiri. Hachoki kushukuru. Kila akiambiwa aingie husema ahsante, kama mgeni.

Guoliang naye huingia kila siku bila kuuliza, na kila siku hutokea jikoni. Kwa kuwa ameshafika huko, huosha vyombo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe, na mkewe anakishukuru chumba kwa hilo pia.

Asubuhi ya mtihani mkubwa, mwezi wa sita, akina mama wa mtaa mzima tulivaa magauni mekundu ya kubana, ya kuleta heri, hata sisi tusioweza kupumua ndani yake. Guoliang alivaa shati jipya. Alikwenda mpaka kizingitini akasimama, mikono nyuma. Alisimama kwa muda mrefu kuliko siku zote. Muqing alikuwa ndani anafunga nywele, akamwona.

"Baba," alisema kwa upole, "uliza tu."

Guoliang alitazama matundu ya bawaba kwenye mwimo. Midomo yake ilicheza. Mke wake, aliyekuwa nyuma yake na bakuli la uji, alilihamisha mkono huu na huu.

"Mimi ni baba yako," Guoliang alisema, akainua mguu, akaingia.

Vifuniko vikalia jikoni. Halafu akapaza sauti kutoka huko, kwa nguvu, ili imfikie.

"Umekula?"

"Nimekula, Baba," Muqing alijibu. "Ahsante."

Uji wake ulikuwa bado mikononi mwa mama yake, kizingitini, unasubiri kuambiwa uingie.