Mama Mkwe Aliyejifanya Mzima

Mukandoli aliponzwa na heshima zake. Kwao, milima ya Kivu Kusini, mgeni hapokelewi kwa kusimuliwa magonjwa. Basi siku mtumishi wa jiji alipofika nyumbani kwake mtaa wa Beechmont, huku ughaibuni, kuona kama bado anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani, bibi huyo wa miaka sabini na tisa alivaa kitenge cha kanisani, akasimama mlangoni kwa miguu ile ile isiyomfikisha bafuni, akamimina chai ya maziwa bila kumwaga hata tone. Unajiosha mwenyewe? Ndiyo. Unapika? Ndiyo, karibu ule. Umutesi, mjane wa mwanawe, alikuwa kiwandani. Hata angekuwepo, angemkanushaje mama mkwe mbele ya mgeni?

Barua ikaja: saa zote za msaada zimefutwa, fedha za baraza la jiji ni za wasiojiweza. Tangu hapo Umutesi alimwosha yeye mwenyewe kabla ya zamu, akawa anachelewa kila siku, hadi msimamizi akamwonya kwamba akichelewa tena hana kazi. Na kazi ikienda, nyumba nayo inaenda.

Wakakata rufaa. Mbele ya watu watatu wa jiji, Mukandoli alimkataa mkalimani wa simu, akataka Umutesi ndiye amsemee.

“Bon,” alianza bibi, “ule mugeni nilimudanganya. Niliona haya. Mimi siwezi kujiosha. Siwezi kwenda choo peke yangu.”

Umutesi alimgeukia. “Mama, na hayo niyaseme?”

“Sema yote, mutoto wangu.”

Akayasema, na hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile. Mwanamke aliyepita vita na kambi za wakimbizi bila kumlilia mtu yeyote, leo anajivunjia heshima mbele ya wageni ili mkwewe asifukuzwe kazi! Ujasiri gani unazidi huo?

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akauliza, “Sasa anakuosha nani?”

“Huyu. Na kwetu, muke wa mutoto haone mwili wa mama mukwe. Donc, basi, ananioshaka macho amefunga. Anafikiri sijue. Juzi aligonga kichwa ku bomba, akasema ni kitu kidogo. Mumupatie mutu wa kumusaidia, afungue macho.”

Umutesi alidhani siri hiyo ni yake peke yake. Alitafsiri kila neno huku akilia, na alipofika kwenye bomba, mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika saa zote zirudishwe.