Mwisho wa Kitabu

Mwalimu Clotilda wa Ijuganyondo aliponzwa na mdomo wake mwenyewe. Sinema iliyotokana na kitabu ilipomalizika pale mjini, mfungwa wa kwenye hadithi akiitoroka nchi yake iliyojaa wapelelezi, alisonya. "Uongo mtupu! Kitabuni mfungwa anasalitiwa na jirani yake, anauawa!"

Immakulata, jirani aliyeongozana naye, akacheka. Clotilda akakumbuka, akiwa amechelewa, kwamba kitabu hicho kilikuwa kimekatazwa na serikali.

Asubuhi yake mzee Karugendo, mjumbe wa nyumba kumi, akapiga hodi. Clotilda akamletea kahawa ya kutafuna. Mgeni asiyepokea kahawa hakuja kwa heri, na Karugendo hakuigusa.

"Mwalimu, kilete."

Clotilda akakifukua kwenye debe la maharage, akampa. Karugendo akafungua kurasa za mwisho, akasoma akiwa amesimama, midomo ikimchezacheza. Nje, Immakulata alikuwa akifagia palepale tangu mjumbe aingie.

Hatimaye mzee akafunga kitabu, akachukua punje mbili za kahawa, akatafuna polepole.

"Kweli, sinema imetudanganya." Akachungulia dirishani, akashusha sauti. "Kirudishe kwenye maharage, mwanangu. Aliyekuchongea ni huyo anayefagia."