Washa Wanzala

Ndeti alikuja nyumbani kwangu Kabiro, Kawangware, na jibu moja, na jibu lenyewe lilikuwa "moja."

"Moja nini?" nikamuuliza. Chai nilikuwa nimeshamwekea na subira ilikuwa imeniishia.

"Kompyuta moja, mama. Kibera na Kawangware zote. Nimeangalia tena na tena."

Ningemmwagia ile chai. Mume wangu Wanzala alimaliza miaka akizunguka na flashi mfukoni, akiweka Linux kwenye kompyuta za watu, mitumba iliyochoka isiyokubali programu nyingine. Linux ni mfumo wa bure, haununuliwi, na yeye aliuweka bure vilevile, mpaka nikawa namwambia kwamba bure mbili hazipiki ugali. Mwaka jana homa ya mapafu ikamchukua ndani ya wiki moja. Tulipomzika kwao Funyula, mama yake alisimama mbele ya watu akasema mwanawe amepita kama moshi, hakuacha hata mtoto wa kuitwa jina lake. Kwao jina la marehemu hurudi kwa mtoto. Sisi mtoto hatukujaliwa, na siku ile kila jicho lilishuka tumboni mwangu.

Kwa hiyo nilitaka idadi. Kumbukumbu yake ni Agosti, nami nilitaka kumwambia yule mama: watu kadha wa kadha wanatumia kazi ya mkono wa mwanao. Ndeti yuko kwenye kikundi cha wapenzi wa Linux hapa Nairobi, na kazi yake ni kukadiria watumiaji. Kompyuta ikiingia mtandaoni kutafuta marekebisho hujitambulisha kwa namba yake, naye huzihesabu hizo namba.

"Basi namba zako ni viziwi," nikamwambia. "Inuka. Tunaenda kuuliza watu."

Tulianzia Olympic, Kibera, kwa Billy mwenye saiba, duka la intaneti. Ndeti akamuuliza kama anatumia Linux.

"Zii, buda. Hiyo hatuna hapa."

Nabwire, anayefundisha watu kutaipu kwenye ukumbi wa kanisa ndani ya Kibera, naye akatikisa kichwa. Linux ameisikia tu. Tulikoenda baada ya hapo, hapana. Kwingine, hapana. Nikaanza kumchukia marehemu. Kwani jioni zote zile alizoniaga na flashi yake, alikuwa wapi? Ukiwa mjane ndipo unajua kwamba wivu hauzikwi na mtu.

Tukarudi Kawangware miguu imetuvimba. Karibu na kwangu kuna msichana anaitwa Immaculate, anachapa CV na kazi za shule, na tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Nikaingia kwake ili nimalize, nikalale.

"Linux? Hapana, auntie," akasema. "Sisi hapa tunatumia Wanzala."

"Mnatumia nini?"

"Wanzala. Ni kama Windows, ni vile tu ni ya bure. Mashine ikizeeka unaambiwa, wekea Wanzala. Hata Kibera ni hiyo wanatumia." Akawasha kompyuta. Katikati ya kioo likatokea jina la mume wangu kwa herufi ndogo, na chini yake nafasi ya neno la siri. Immaculate akaandika huku akitamka kwa mazoea: n, e, r, e, a, h.

"Hiyo Nereah ni nini?" nikauliza.

"Password ya Wanzala zote. Sijui, labda ni dem wa huyo mzungu aliitengeneza."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nereah ni mimi. Katika ndoa yetu yote mtu huyu hakuwahi kuniandikia hata kadi.

Ndeti alikuwa ameshika kichwa. Kumbe Wanzala hakuwa akianza upya kila mahali. Alitengeneza Linux moja, akainakili jinsi ilivyo kwa kila mashine: jina lake, neno lake la siri, na ile namba ya kujitambulisha.

"Zote zina namba moja," akasema. "Ndiyo maana huko mtandaoni zinaonekana kama kompyuta moja."

Kesho yake tukarudia njia ileile, sasa tukiuliza Wanzala. Nyuso zikafunguka. Nabwire ana Wanzala sita, na watu hupokezana siku nzima. Ndeti akajaribu kukadiria watumiaji, akafika maelfu, akasema hapo tena ni kubahatisha. Billy naye alikuwa anajisifu.

"Hii ya kona ilikufa jana, buda. Ikazima tu. Nikatoa memori, nikapangusa, nikarudisha, ikaamka. Wanzala haikufangi!"

Nilitoka nje. Nilimlilia Wanzala pale kando ya mtaro zaidi kuliko nilivyomlilia kaburini. Wangu alipozima, hakuna aliyejua kitu cha kutoa na kupangusa.

Jioni nikapiga simu Funyula. Yale maelfu ya Ndeti nilikuwa nimeyashika tayari, lakini niliposikia sauti ya mama mkwe yakanitoroka.

"Mama," nikasema, "Wanzala ameacha jina. Liko kwenye kompyuta za watu huku. Kila asubuhi wakifungua kazi, Kibera na Kawangware, wanaambiana, washa Wanzala."

Nyuma yake nilisikia kuku. Yule mama hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

"Wanamwita kwa jina lake?"

"Kwa jina lake, Mama."

"Na anaitika?"

"Anaitika. Polepole, lakini anaitika."



"Mimi pia namwita kila asubuhi," akasema. "Mbona mimi haniitikii?"

Tulilia wote wawili hadi salio langu likaisha.