Daktari Atafute Neno Lingine

Mzee wangu Ngatia alikataa matibabu kwa sababu ya neno moja, na mimi simlaumu sana. Ujana wake wote kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Yeye alisimama juu ya gogo, rafiki yake Hezekiah akasimama chini shimoni, na msumeno ukapanda na kushuka katikati yao mpaka jioni. Kwa hivyo ukimtajia Ngatia kupasua, yeye hahitaji kuelezwa.

Ilianza na sikio la kushoto. Lilikuwa linakufa pole pole na mimi sikujua, maana huyu mume wangu hajawahi kunisikia vizuri. Nilidhani ni tabia. Halafu akaanza kutembea akiegemea upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo, na siku moja akaanguka katikati ya shamba letu la majani chai. Watu wa Othaya wakasema mzee ameanza kunywa. Yeye ni mzee wa kanisa, kwa hivyo alikasirika sana, na hasira hiyo ndiyo ilimpeleka Nyeri kupigwa picha ya kichwa. Ugonjwa peke yake haungeweza.

Daktari anaitwa Wandera, mtu wa Busia, mpole. Alituonyesha kwenye picha kitu kidogo kama harage, kimekaa kwenye mshipa wa sikio.

"Si saratani," akasema. "Lakini kikiendelea kukua kitasukuma ubongo, na mzee hataweza kusimama. Sasa bado ni kidogo. Kuna mashine Nairobi, tunaita upasuaji wa mionzi. Hakuna kisu."

Ngatia akamgeuzia sikio zima. "Umesema upasuaji?"

"Ndiyo, baba. Bila kisu."

"Sasa mtatumia nini? Kabari?"

Daktari akadhani ni mzaha, akacheka. Ngatia akachukua kofia yake, akatoka.

Jioni hiyo Hezekiah alikuja kumwona. Nikawawekea chai, nikakaa karibu niwasikie.

"Ati wanataka kukupasua na nini?" Hezekiah akauliza.

"Hawajasema. Si kisu."

Hezekiah akafikiria. "Basi ni shoka."

"Msijali," nikawaambia. "Kichwa ya huyu, hata shoka itarudi ikilia."

"Unamsikia?" Ngatia akamwambia mwenzake. "Huyu ndiye ataniuguza."

Msichana wetu Wangechi, mwalimu anayekaa Skuta, akapiga simu kumweleza babake mambo ya mionzi. Alieleza vizuri sana. Babake aliweka simu kwenye sikio lililokufa, akawa anasema ndiyo, ndiyo mwalimu, mpaka msichana akamaliza.

Mimi sikubishana. Huyu mtu ukimsukuma anakaa chini, ukimwacha anaamka mwenyewe, na nimekuwa na wakati wa kutosha kujifunza hivyo. Nikangoja. Lakini asubuhi moja tukinywa chai niliona inamtiririka kidevuni, na yeye hajui. Upande huo wa uso ulikuwa umelala. Nikampangusa na kitambaa changu, akasema niache kumpangusa kama mtoto. Siku hiyo sikupata neno la kumcheka. Alipoenda kwa ng'ombe, nikampigia daktari.

"Daktari, tafuta neno lingine. Hilo la kupasua, mzee wangu amelitumia kwa miti."

Nikasikia anajizuia asicheke. "Sasa nisemeje, mama? Tunapiga na mionzi?"

"Kupiga? Hapana."

"Tunachoma?"

"Akisikia hivyo atauliza kama mko na chumvi."

"Ukweli ni kwamba hatukitoi," akasema. "Kinabaki pale pale. Tunakikausha tu, kisiendelee."

"Hilo," nikasema. "Lishike hilo."

Ngatia nilimwambia hivi: ukitaka kukataa, nenda ukatae mbele yake, si uungwana kumwacha kijana wa watu akingoja. Akavaa kofia yake. Tukaenda.

"Nimekuja kukuambia hapana," akasema kabla hajaketi.

"Sawa, baba," daktari akasema. "Lakini mimi sitaki kukupasua. Nataka kukausha hicho kidude. Mionzi inatoka pande nyingi, kila mmoja ni mdogo, hauna nguvu ya kuharibu unapopita. Inakutana hapo tu, na hapo ndipo inafanya kazi."

"Na kidude kinabaki?"

"Kinabaki. Kinakauka pole pole."

Ngatia akaketi. "Kama kisiki iko karibu na nyumba."

Daktari akanitazama. Nikatazama dirisha.

"Ukiichimba unapasua ukuta," mzee akamfundisha. "Unaikausha ikiwa hapo hapo. Inachukua miaka."

"Miaka miwili, mitatu. Tutakuwa tunaangalia kwa picha. Lakini baba, sikio halitarudi."

"Sikuuliza sikio. Nitasimama?"

"Natumaini. Siwezi kuapa."

"Ungeapa ningeenda nyumbani," Ngatia akasema, akavua kofia.

Kule Nairobi walimwekea usoni plastiki iliyolainishwa kwa maji moto, yenye matundu, ikakauka ikawa na sura yake yote. Wakamfunga nayo kitandani kichwa kisitikisike. Msichana wa mashine, Mutanu, akaniuliza kama mjukuu kwa nyanya yake, "Shosho, atatulia?"

"Sijawahi kuona," nikamwambia.

Alitulia. Nilimwangalia kwenye runinga yao, mkono wa mashine ukimzunguka, na nikasahau kuomba kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi zake. Baadaye Mutanu akacheka kidogo akaniambia anakoroma.

Alitoka kwa miguu yake akijipapasa kichwa. "Wataanza saa ngapi?"

"Wamemaliza."

"Bila hata alama?" Alikuwa ameudhika kabisa. Sasa atawaonyesha nini watu wa kanisa.

Picha ya kwanza tuliyorudi kupiga, daktari alisema kidude hakijakua.

"Hakijapungua?"

"Hakijakua, baba. Hiyo ndiyo furaha yetu kwa sasa."

Ngatia akanung'unika kuwa kazi inaenda pole. Uso ulikuwa umeanza kuamka, kuegemea bado, na alikuwa amepewa mazoezi ya kutembea. Tulipofika nyumbani alisema anashuka kuangalia majani chai yake. Njia ilikuwa na matope. Nikamfuata nyuma, yeye na fimbo yake, akiweka mguu, akifikiria, akiweka mwingine.

"Usinishike," akasema bila kugeuka.

"Nani amekushika?" nikamwambia. Nilikuwa nimeshika koti lake tu.